Mgombea wako akishindwa, usiugue naye

Mnamo Agosti 2022, siku tatu baada ya matokeo ya urais kutangazwa, alifika katika kliniki yangu mama mmoja ambaye nimemfahamu kwa miaka mingi. Ana kibanda cha mboga karibu na kituo cha matatu. Kwa muda wa miezi minne alikuwa amemwachia bintiye kibanda hicho ili yeye azunguke wadi nzima akimtafutia kura mgombea mmoja wa udiwani. Hakuwa ameajiriwa na mtu. Alichopewa ni fulana mbili, kofia moja, na nauli siku zile ambazo nauli ilipatikana.

"Daktari, kichwa kinanigonga kama kinu," aliniambia. "Nipe dawa ya maumivu nirudi nyumbani."

Nilimpima shinikizo la damu nikapata 190 kwa 110. Nilimpumzisha dakika kumi, nikapima tena. Hapakuwa na tofauti kubwa. Nilipomuuliza kuhusu vidonge vyake vya kila siku, alitazama chini. Aliviacha mwezi Juni kwa sababu vilimfanya aende haja ndogo mara kwa mara, na mtu anayebisha hodi milangoni mwa watu kutwa nzima hana pa kujisaidia. Tangu siku ya kura hakuwa amelala zaidi ya saa tatu kwa usiku. Mgombea wake alikuwa ameshindwa na simu yake haikupatikana. Isitoshe, shilingi elfu kumi na nane za chama cha akina mama, alizozitoa kukodi viti na bodaboda siku za mwisho, wenzake walikuwa wameanza kuzidai.

Nimebadilisha mambo machache ili mama huyu asitambulike, lakini ugonjwa wake sikuubadilisha. Siku ile alikuwa amekaribia kupatwa na kiharusi. Nilimpa dawa, nikamkalisha kliniki hadi jioni shinikizo liliposhuka kiasi. Alipokuwa akiondoka aliniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala haya: "Sasa daktari, ile kazi yote niliyofanya ilikuwa ya bure?"

Wengi kuliko unavyodhani

Msomaji mpendwa, huenda nawe uliwahi kujitolea katika kampeni. Ulibandika mabango usiku, ulikesha katika kituo cha kura ukiwa wakala, au ulipiga simu hadi sauti ikakauka. Ikiwa mgombea wako alishindwa, usidhani uko peke yako. Katika uchaguzi mkuu nchini Kenya huwaniwa nafasi 1,882, kuanzia urais hadi viti 1,450 vya wadi, na kila nafasi ina mshindi mmoja tu. Katika kura ya urais ya 2022 tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwa kura 233,211, na watu zaidi ya milioni 6.9 walikuwa wamemchagua yule aliyeibuka wa pili. Kila baada ya uchaguzi, basi, waliojitolea na kushindwa huwa wengi kuliko waliojitolea na kushinda.

Mgombea aliyeshindwa ana watu wa kumfariji. Waandishi wa habari humhoji, wazee humtembelea, na chama huenda kikamtafutia nafasi nyingine. Lakini yule kijana au mama wa mashinani hurudi nyumbani na fulana yake, na jirani humcheka. Hakuna anayempelekea pole. Mimi kama daktari humwona wiki mbili au tatu baadaye, akija kulalamika kuhusu kichwa, tumbo, mgongo au kukosa usingizi.

Mwili hupitia nini?

Wakati wa kampeni mwili huishi kama askari aliye vitani. Tezi zilizo juu ya figo humwaga kwa wingi homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, njaa husahaulika na usingizi huwa mfupi. Kwa siku chache hali hii haina madhara makubwa kwa mtu mwenye afya. Lakini ikiendelea kwa miezi, huku chakula kikiwa ni chai na mandazi asubuhi na chipsi na soda usiku, mwili huanza kudai deni lake.

Kisha matokeo hutangazwa. Mshindi hucheza ngoma, na uchovu wake humtoka kwa furaha. Aliyeshindwa hubaki na uchovu ule ule, na juu yake pigo la moyo.

Pigo la namna hii si la kudharauliwa. Watafiti wa Munich, Ujerumani, walichunguza dharura za moyo zilizotokea wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2006. Waligundua kwamba siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, dharura hizo ziliongezeka na kufikia mara 2.66 ya zile za siku za kawaida. Walioathirika zaidi ni wale waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo. Ikiwa dakika tisini za kandanda zinaweza kuutikisa moyo hivyo, fikiria siku sita za kusubiri matokeo huku redio ikiwa sikioni.

Kwa hivyo jambo la kwanza ninalokuomba ufanye si la siasa hata kidogo. Nenda ukapimwe shinikizo la damu. Ugonjwa huu aghalabu hauna dalili. Wengi huwa nao bila kujua. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti, kinahitaji kushughulikiwa. Ikiwa uliacha dawa za shinikizo, kisukari, pumu au ugonjwa mwingine wowote wakati wa kampeni, zirudie baada ya kumwona daktari. Ikiwa sauti yako ilikauka kwa kupiga kelele na haijarudi baada ya wiki tatu, au una kikohozi kilichozidi wiki mbili, usingoje zaidi. Na mtu akipinda mdomo ghafla, mkono mmoja ukalegea au maneno yakamtatiza, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Hicho ni kiharusi, na kila dakika ina thamani.

Kosa nililowahi kufanya

Kuna kijana mmoja aliyenijia baada ya uchaguzi huo huo. Alikuwa wakala wa chama katika kituo cha kura. Hakuwa na homa wala maumivu. Alisema tu kwamba halali na hana hamu ya kitu chochote. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Nilimwambia, "Kijana, achana na siasa, tafuta kazi," nikamwandikia vitamini.

Alirudi baada ya wiki tatu akiwa amekonda, ananuka pombe, na dadake ndiye aliyemshika mkono. Alikuwa akinywa kila usiku ili apate usingizi. Pombe humlaza mtu mapema lakini huukata usingizi kati ya usiku, na asubuhi moyo huwa mzito kuliko jana. Nilijilaumu. Nilikuwa nimemwambia aachane na kitu alichokipenda, kilichompa marafiki na sababu ya kuamka asubuhi, kana kwamba ni kikohozi cha kupita.

Kushindwa uchaguzi ni msiba mdogo, na kila msiba una kihoro chake. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1969, daktari Elisabeth Kübler-Ross alieleza jinsi wagonjwa wasio na matumaini ya kupona hupitia hali ya kukataa, hasira, kubembeleza, huzuni na hatimaye kukubali. Si kila mtu hupitia hatua hizo wala hazifuati mpangilio, lakini waliojitolea katika kampeni watazitambua: "Hesabu si sawa." "Wametusaliti." "Lau tungalikuwa na wiki moja zaidi." Hisia hizi ni za kawaida, na kwa wengi hupungua kadiri siku zinavyopita.

Zisipopungua kwa muda wa wiki mbili, na mtu akawa na huzuni karibu kutwa nzima, hana raha na lolote, halali au analala kupita kiasi, hali chakula, anajiona hana maana, basi huo ni mfadhaiko na una tiba. Ukimsikia akisema heri afe, usimkemee wala usimfanyie mzaha. Muulize waziwazi kama amefikiria kujiua, usimwache peke yake, na umpeleke hospitali. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya simu isiyolipiwa, 1199, ambapo mtu hupata ushauri nasaha.

Kijana yule alipata matibabu na ushauri nasaha, na akaacha pombe baada ya miezi kadhaa. Mimi nami nikaacha kuwaambia watu waachane na siasa.

Shukrani kama dawa

Huenda ukashangaa kusikia daktari akizungumzia shukrani. Tumezoea kuisikia kanisani na msikitini. Lakini mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti uliowagawa wanafunzi wa chuo kikuu katika makundi. Kundi moja liliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi, mambo wanayoyashukuria. Kundi jingine liliandika mambo yaliyowaudhi. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa bora zaidi, walilalamikia maradhi kidogo na walifanya mazoezi ya mwili kwa muda mrefu kuliko wale walioandika maudhi.

Hebu tuelewane hapa. Kushukuru si kumeza dhuluma. Ikiwa una ushahidi kwamba kura ziliibwa, sheria imeweka njia. Kesi ya kupinga matokeo ya urais huwasilishwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 baada ya kutangazwa, na mahakama huamua ndani ya siku 14. Kwa viti vingine muda wa kuwasilisha kesi ni siku 28. Njia hii si ya mapambo; mnamo Septemba 1, 2017 mahakama hiyo ilifuta matokeo ya urais na kuamuru uchaguzi urudiwe. Mtu anaweza kudai haki akiwa na moyo wa shukrani, na kwa kweli hudai vizuri zaidi kwa sababu analala.

Basi chukua daftari. Kila Jumapili jioni andika mambo matano. Usiandike mambo makubwa ya jumla kama "afya" na "amani". Andika yaliyo mahsusi: mzee aliyekupa kiti na maji siku ya jua kali, mwenzako mliyegawana naye kipande cha mkate saa tisa usiku mkisubiri Fomu 34A isainiwe, mitaa ambayo hukuwahi kuikanyaga na sasa unaijua nyumba kwa nyumba. Haya hayakushindwa uchaguzini.

Kisha mshukuru mtu kwa mdomo. Mnamo Desemba 2002, nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari, nilijitolea kuwa wakala wa mwalimu mmoja mstaafu aliyegombea udiwani mtaani kwetu. Tulishindwa. Nilikesha katika darasa la shule ya msingi nikitazama kura zikipangwa, na wakala wa mpinzani wetu, aliyeniona nikitetemeka kwa baridi, akanifunika nusu ya blanketi lake. Kwa siku kadhaa baadaye sikutaka kuonana na mtu. Januari mwalimu yule alifika nyumbani kwetu kwa miguu. Alikuwa na kilo moja ya sukari na orodha ya majina yetu sote waliomsaidia, akipita mlango baada ya mlango. Alisema, "Mwanangu, nilikuja kukuambia asante. Kura zilizokuja, ninyi ndio mliozileta." Hotuba zake zote nimezisahau. Asante ile sijaisahau.

Nawe uliyekuwa mgombea, ikiwa unasoma makala haya, washa simu. Watu wako hawangojei pesa peke yake. Wangojea kuambiwa kwamba uliwaona. Na kama kuna deni, lipa hata kidogo kidogo; deni la kampeni limewaletea watu wengi vidonda vya moyo ambavyo sina dawa yake kabatini.

Kurudi uwanjani kwa kipimo

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini kukubali kushindwa si kuondoka uwanjani. Historia yetu ina mfano mzuri. Mnamo Desemba 1997 Profesa Wangari Maathai aligombea urais na ubunge, akashindwa vyote viwili. Hakukaa nyumbani akinung'unika. Miezi michache baadaye alikuwa akipigania Msitu wa Karura jijini Nairobi usigawiwe wajenzi, na mnamo Januari 1999 alishambuliwa na kujeruhiwa kichwani akijaribu kupanda mti huko. Mwaka 2002 alichaguliwa mbunge wa Tetu, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Leo ninapomwandikia mgonjwa wa shinikizo la damu atembee nusu saa kila siku, wakazi wengi wa Nairobi huenda kutembea katika msitu ule ule. Yaani mtu aliyeshindwa kwa kura ametutibu kwa miti.

Kama ilivyo kwa dawa yoyote, kurudi katika kazi ya jamii kunahitaji kipimo. Huu ndio utaratibu ninaowapa wagonjwa wangu:

1. Wiki mbili za kwanza, pumzika. Lala saa saba au nane. Kula chakula cha nyumbani chenye mboga na punguza chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima. Tembea nusu saa. Ondoka katika vikundi vya simu vinavyorushiana matusi, au angalau vizime sauti usiku.

2. Mwezi wa kwanza, rudisheni hesabu. Kutaneni mliojitolea pamoja, hata kama mgombea hatafika. Semeni kilichofanyika vizuri na kilichoharibika. Andikeni madeni na namna ya kuyalipa. Msichague mtu wa kubebeshwa lawama zote.

3. Msalimie jirani wa mrengo wa pili. Anza wewe. Uhasama wa mtaani hupandisha shinikizo la damu kila unapopita lango lake, na utapita lango hilo mara nyingi kabla ya uchaguzi mwingine.

4. Baada ya miezi mitatu, chagua jambo moja tu. Si kumi. Katiba ya 2010 inampa mwananchi haki ya kushirikishwa hata kama mgombea wake alishindwa. Unaweza kuhudhuria vikao vya umma vya bajeti ya kaunti, ambayo makadirio yake hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka. Unaweza kuwasilisha ombi bungeni chini ya Kifungu cha 119. Unaweza kufuatilia kamati ya zahanati yako, dawa zikikosekana uulize zilikokwenda. Wewe unayejua kila nyumba katika wadi unafaa sana kusaidia kazi ya chanjo, usafi na kuwatafuta wagonjwa waliokatiza matibabu. Maarifa hayo kampeni ilikupa bure.

5. Jiwekee mpaka. Kazi ya kujitolea ifanywe kwa saa na pesa unazoweza kuzitoa bila kuwanyima watoto. Pesa za chama, karo na dawa zisiguswe kamwe kwa ajili ya mgombea yeyote, awe mzuri namna gani.

Jibu la swali lake

Niliahidi kurudi kwa yule mama. Siku aliponiuliza kama kazi yake ilikuwa ya bure, sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia aje kupimwa kila wiki, naye akaja. Wa kwanza kumletea uji wakati alipokuwa kitandani alikuwa jirani yake aliyempigia debe mpinzani. Mgombea alijitokeza mwezi wa tatu na shilingi elfu kumi. Nane zilizobaki mama alizilipa mwenyewe kutokana na sukumawiki na nyanya, na bado anazitaja.

Diwani aliyeshinda hampendi hadi leo. Lakini mwaka uliofuata yeye na jirani yule walikwenda pamoja katika kikao cha umma cha wadi kuuliza kwa nini zahanati ya mtaa ilikaa wiki nyingi bila vidonge vya shinikizo la damu. Aliniambia aliposimama kusema, watu wengi ukumbini walimjua kwa jina, kwa sababu alikuwa amebisha hodi kwao. Walimpigia makofi hata wasiompigia kura mgombea wake.

Mara ya mwisho nilipompima alikuwa 138 kwa 84. Aliuliza kama anaweza sasa kuacha vidonge. Nilimwambia hapana, asubiri kwanza tuone hali ilivyo, na kampeni ikija tena avibebe mkobani pamoja na chupa ya maji, tena tungebadilisha kile kinachomsumbua kwa haja ndogo. Alicheka akasema, "Kumbe dawa nyingine ilikuwapo, daktari, na hukuniambia."

Kweli sikumwambia, kwa kuwa sikuwa nimemuuliza. Wewe basi mwambie daktari wako mapema. Na kabla hujakunja gazeti hili, mkumbuke mtu mmoja aliyesimama nawe katika kampeni, umpigie simu umwambie asante.